Maigresheni za Django kwenye kanzidata tatu: nilichokiona kwa misimu miwili ya kahawa

Namba ya simu ya mkulima kwenye daftari la chama ina tarakimu 10. Ukiondoa sifuri ya mbele na kuianza na 255 inakuwa na tarakimu 12. Usiku mmoja wa masika mwaka jana nilifungua jedwali la wakulima nikakuta namba zote, za watu elfu nne na ushee, zina tarakimu 14 na zinaanza na 25555. Hakuna simu ya Tanzania yenye namba ya namna hiyo. Nilikaa kwenye kiti nikazitazama, moyo unanienda mbio.

Nataka kuitathmini Django, zana ya Python ya kutengenezea programu za wavuti, kwa upande huu mmoja tu: kuhamisha na kurekebisha data pale programu yako ya wavuti inapotegemea kanzidata zaidi ya moja. Nimeitumia kwa misimu miwili ya kahawa hapa Moshi, kwenye mfumo wa vyama vitatu vya msingi vya huku mlimani. Naipa nyota nne kati ya tano, na kwa bei sina la kulalamika, maana ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Nyota moja niliyoizuia nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi, na sitaki mwenzangu apitie palepale.

Mfumo wenyewe hauna makuu. Mkulima analeta kahawa yake, inapimwa, anapewa stakabadhi. Baadaye analipwa malipo ya awali, na kahawa ikishauzwa mnadani anapata nyongeza. Watumiaji na ruhusa zao wako kwenye kanzidata inayoitwa `default`. Wanachama, mashamba na mizani ziko kwenye `wakulima`. Hizo mbili zinaendeshwa na programu ya kanzidata iitwayo PostgreSQL. Ya tatu, `malipo`, ni MySQL, programu nyingine ya kanzidata, niliyoirithi kutoka kwenye mfumo wa zamani ulioandikwa na mtu mwingine kabla yangu. Mhasibu alikataa katakata iguswe kabla hesabu za mwaka hazijakaguliwa, nami nilimwelewa. Fedha za watu zinakaa mle.

Kwa hiyo sikuchagua kanzidata tatu kwa kupenda mambo makubwa, na nadhani wengi wanaofika hapa wanafika hivyo hivyo: kitu cha zamani hakifungiki, kitu kipya hakiwezi kusubiri.

Uwezo wa kuongea na kanzidata nyingi uliingia Django kwenye toleo la 1.2, mwaka 2010. Maigresheni za ndani, yaani faili zinazoeleza hatua kwa hatua jinsi ya kubadilisha majedwali na data, zilikuja na toleo la 1.7 mwaka 2014, kazi ya Andrew Godwin, yule yule aliyeandika South ambayo watu walikuwa wanaitumia kabla ya hapo. Ukizitumia mbili hizi pamoja unaona kwamba hazikuzaliwa siku moja. Kila moja peke yake ni imara sana. Panapotaka macho ni kwenye mshono.

Jambo la kwanza utakalogongana nalo ni kwamba amri ya `migrate` inashughulikia kanzidata moja kwa wakati mmoja. Ukiiandika bila nyongeza yoyote inakwenda `default` na kuishia hapo. Ukitaka nyingine unasema `migrate --database=wakulima`, halafu unarudia kwa `malipo`. Mimi niliandika skripti fupi inayozipitia zote tatu kwa mfuatano, na naamini karibu kila mtu anafanya hivyo. Kumbuka hiyo skripti, nitairudia.

Jambo la pili ni ruta. Hiki ni kipande cha Python unachoandika mwenyewe na kukitaja kwenye mpangilio wa `DATABASE_ROUTERS`. Ndiyo inayoiambia Django kusoma kuende wapi, kuandika kuende wapi, na, kupitia mbinu yake ya `allow_migrate`, maigresheni gani iruhusiwe kwenye kanzidata ipi. Inapewa jina la kanzidata, jina la programu ndogo, jina la modeli kama lipo (modeli ni maelezo ya jedwali moja yaliyoandikwa kwa Python), na vidokezo vya ziada kama umevitia. Inajibu ndiyo, hapana, au haina maoni. Ikikosa maoni na hakuna ruta nyingine yenye maoni, Django inachukulia kwamba ni ruhusa.

Hapo kwenye "modeli kama lipo" na "haina maoni" ndipo nilipoangukia.

Kisa chenyewe kilianza na mhasibu. Mfumo wa kulipa kwa simu ulikuwa unataka namba zianze na 255, na zetu zilikuwa zinaanza na 07 au 06 kama watu wanavyoziandika kwenye kaunta buku. Alinipigia simu asubuhi.

"Binti yangu, malipo ya watu yanarudi."

"Shikamoo mama. Yanarudi yote?"

"Marahaba. Yanarudi yote. Mimi nimeshachoka kuzibadilisha moja moja."

Nikaandika maigresheni ya data. Django ina kitu kinaitwa `RunPython`: unaipa funksheni yako, nayo inaipitisha katika mlolongo uleule wa mabadiliko ya majedwali. Funksheni yangu ilikuwa ya mistari sita. Chukua kila mkulima mwenye namba, ondoa herufi ya kwanza, weka 255 mbele, hifadhi. Nilichukua bakapu saa tatu usiku, nikawasha skripti yangu ya kanzidata tatu, nikaenda kuchemsha chai.

Kwenye `default` ikaandika OK. Kwenye `wakulima` ikaandika OK. Kwenye `malipo` ikakwama, na kosa lililotoka lilinichanganya kuliko kukwama kwenyewe: lilikuwa kosa la PostgreSQL, linalolalamika kwamba thamani imezidi herufi 15. Nahamisha MySQL, kosa linatoka PostgreSQL. Nilidhani nimekosea dirisha.

Ilivyokuwa ni hivi. Ruta yangu ilikuwa inaamua kwa jina la modeli: modeli hii `wakulima`, ile `malipo`. Lakini `RunPython` haina modeli. Django haijui funksheni yako itagusa jedwali gani, kwa hiyo inaiuliza ruta bila jina la modeli, na ruta yangu ikajibu haina maoni. Ruhusa ikatoka mara tatu. Halafu ndani ya funksheni niliandika `objects.all()` bila kutaja kanzidata, basi kila mara swali lilirudi kwa ruta, na ruta, safari hii ikiwa na jina la modeli mkononi, ikalipeleka palepale: `wakulima`. Funksheni ileile imepita mara tatu juu ya watu walewale.

Mara ya kwanza 0754 ikawa 255754, sawasawa kama nilivyotaka. Mara ya pili ikaondolewa 2 ya mbele, ikapachikwa 255 nyingine: 25555754. Mara ya tatu namba ilitaka kuwa na tarakimu 16, na safuwima yangu ilikuwa na nafasi ya herufi 15. Mpaka wa herufi 15 nilioweka miaka miwili nyuma bila kuufikiria sana ndio uliozuia. Kama ningeweka 20, skripti ingemaliza vizuri, OK tatu zikiwa zimejipanga, na mimi ningelala.

Kuna jambo jingine ndani ya kisa hiki ambalo sijaona watu wakilizungumzia vya kutosha. Django inaifunga maigresheni ndani ya muamala, ili ikikwama kila kitu kirudi kama kilivyokuwa. Lakini muamala huo unafunguliwa kwenye kanzidata uliyoitaja kwenye amri. Mimi nilikuwa ndani ya muamala wa `default` huku naandika kwenye `wakulima`. Kule nilikoandika hakukuwa na muamala wowote unaonilinda. Kila mkulima aliyehifadhiwa alikuwa amehifadhiwa moja kwa moja. Ingekwama katikati, ningebaki na nusu ya wakulima wenye namba za zamani na nusu wenye mpya, bila alama ya kuwatofautisha.

Nilirudisha bakapu. Mvua ilikuwa inapiga bati la jengo la jirani, hapa ghorofani kwangu karibu na Mnara wa Saa, na nilikuwa naomba umeme usikatike. Haukukatika. Saa saba kasoro usiku namba zote zilikuwa na tarakimu 10 tena.

Sasa, je, hili ni kosa la Django? Nimelifikiria sana. Nyaraka zake zinaeleza jambo hili wazi, kwenye ukurasa wa kuandika maigresheni, na kuna sehemu nzima inayohusu maigresheni za data na kanzidata nyingi. Dawa imeandikwa pale: ndani ya funksheni uliza `schema_editor.connection.alias`, hiyo ndiyo kanzidata inayohamishwa sasa hivi, na kama siyo unayoitaka rudi bila kufanya kitu. Au uipe `RunPython` vidokezo vyake, ruta ivisome na kuamua. Sikuwa nimeusoma ukurasa ule hadi mwisho, na hilo ni langu. Ila nyota naizuia kwa sababu ya chaguo la msingi. Chombo kinachogusa data za watu, kikiwa na kanzidata tatu mbele yake na hakijui ipi inahusika, kingesimama na kuuliza. Hiki kinaendelea.

Siku hizi kila funksheni yangu ya kuhamisha data ina vitu vitatu na siipitishi bila hivyo. Inakagua iko kwenye kanzidata gani. Inataja kanzidata hiyo kwa `using` kila inaposoma na kila inapoandika, haitegemei ruta hata kwa mstari mmoja. Na inavumilia kurudiwa: kabla ya kuweka 255 inatazama kama namba inaanza na 0, na kama haianzi na 0 inaiacha. Hicho cha tatu hakihusiani na Django wala na kanzidata nyingi, lakini peke yake kingetosha kuniokoa usiku ule.

Niseme na mazuri, maana yapo mengi na ndiyo yanayonifanya nisihame. Ndani ya maigresheni huchukui modeli yako ya leo, unachukua ile ya wakati huo kwa `apps.get_model`. Nilipofuta safuwima ya kitongoji mwaka huu, maigresheni ya mwaka juzi iliyokuwa inaijaza bado inapita kwenye seva mpya bila kulalamika, kwa sababu inaona modeli kama ilivyokuwa mwaka juzi. Hili ni jambo zuri sana kwa mfumo unaokua taratibu. Tahadhari yake ni kwamba modeli hiyo ya kihistoria inakuja na safuwima tu, haiji na mbinu ulizoandika. Mimi nina `save()`, mbinu ya kuhifadhi, inayotengeneza namba ya kadi ya mwanachama. Ndani ya maigresheni haiitwi, lazima uifanye kazi hiyo waziwazi.

Ninapenda pia `migrate --plan`, inayoonyesha kitakachotokea kabla hakijatokea, na `sqlmigrate`, inayokuonyesha maneno yenyewe yatakayopelekwa kwenye kanzidata. Zote mbili zinakubali `--database`. Nazipitisha kila mara, hata kwa badiliko dogo.

Jambo ambalo lilinishangaza msimu wa pili linahusu kumbukumbu. Kila kanzidata ina jedwali lake linaloitwa `django_migrations`, ambamo Django inaandika imepitisha nini. Ruta ikikataa operesheni, maigresheni bado inaandikwa kwamba imepita. Kwa hiyo ukiuliza `showmigrations --database=malipo` unaona alama za X zimejaa mpaka chini, hata za majedwali ambayo hayajawahi kuwepo mle. Alama ile ina maana kwamba Django imefika hapo na kuendelea. Haina maana kwamba kuna kitu kimewekwa.

Niliyajua haya nilipoamua stakabadhi ziwe kwenye `malipo`. Nikabadilisha ruta, nikapitisha `migrate`, nikajibiwa kwamba hakuna cha kupitisha. Mhasibu alipofungua ukurasa wa stakabadhi, MySQL ikasema jedwali halipo. Dawa ni kuirudisha kumbukumbu bila kugusa kitu, kwa `migrate stakabadhi zero --fake --database=malipo`, kisha kupitisha upya. Kwangu ilifanya kazi kwa sababu hakuna programu ndogo nyingine iliyotegemea stakabadhi. Kama zipo, soma mpango kwanza kabla hujabonyeza.

Kuhusu MySQL yenyewe sitakaa sana. PostgreSQL inaweza kuyafunga mabadiliko ya majedwali ndani ya muamala na kuyarudisha yote. MySQL haiwezi, kila badiliko la jedwali linajifunga lenyewe papo hapo. Maigresheni yenye hatua nne ikikatika kwenye ya tatu, mbili zimebaki na hazijaandikwa popote. Ukirudia, inakuambia safuwima hiyo tayari ipo. Kwa `malipo` naandika maigresheni ya hatua moja moja, faili zinakuwa nyingi, na sijutii. Na kwa huku kwetu, masika umeme unapokatika hovyo, usipitishe maigresheni kwenye seva ya mbali ukitegemea dirisha la kompyuta yako. Ifungulie ndani ya `tmux`, programu inayobaki wazi kwenye seva yenyewe, ili kazi iendelee kule hata ukipotea wewe.

Ufunguo wa kigeni, yaani kiungo kinachofunga safu ya jedwali moja na ya jingine, kati ya kanzidata mbili Django haiukubali, na nadhani ni sawa. Kwenye `malipo` mkulima ni namba ya kadi tu, mfululizo wa herufi usio na mlinzi. Kwa hiyo nina skripti inayopita kila Jumapili usiku, inachukua kadi zote za upande huu na za upande ule, inalinganisha, na kunitumia zile zisizo na mwenzake. Wiki nyingi haileti kitu. Wiki iliyoleta kitu ilikuwa kadi moja ya mama mmoja aliyekuwa amefuatilia nyongeza yake mara tatu, na tatizo lilikuwa herufi O iliyoandikwa mahali pa sifuri.

Rafiki yangu wa Arusha anatumia Rails, zana ya namna hii hii ya lugha ya Ruby, na tumebishana sana juu ya hili. Rails ilianza kuunga mkono kanzidata nyingi rasmi kwenye toleo la 6.0, mwaka 2019, miaka mingi baada ya Django, lakini walipofika walifanya jambo moja vizuri zaidi: kila kanzidata ina folda yake ya maigresheni. Unapoifungua folda unajua faili hii ni ya wapi. Na `db:migrate` inazipitia zote bila wewe kuandika skripti. Kwa mtu anayeanza kazi mpya leo, na anajua tangu mwanzo kwamba atakuwa na kanzidata mbili, nitamwambia aitazame kwa makini. Mimi sitahama. Ruta ya Django inaniwezesha kuhamisha modeli kidogo kidogo kutoka kwenye kanzidata ya zamani kwenda mpya bila kuhamisha faili hata moja, na kwa mtu aliyerithi mfumo, hilo ndilo ninalolihitaji kila wiki.

Maigresheni ya namba za simu niliipitisha upya Jumamosi iliyofuata, mchana, siyo usiku. Kabla ya hapo niliipitisha mara tano kwenye nakala ya data, mara tatu kati ya hizo nikiirudia kwa makusudi. Nikabeba kompyuta, nikapanda daladala hadi ofisi ya chama. Mhasibu alitoa kaunta buku yake ya jalada jekundu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Nisomee wewe, mimi nafuatisha," alisema.

Nikaanza kusoma kutoka kwenye skrini, namba baada ya namba, naye anaguna "mh" kila inapolingana. Tulisoma ukurasa wote wa kwanza, tukaruka hadi katikati, tukasoma mwingine. Kwenye mstari wa nane wa ukurasa ule aliniambia nisimame. Namba ya kwenye kitabu ilikuwa imekatwa kwa kalamu na nyingine imeandikwa juu yake. Mkulima alibadilisha laini tangu Novemba na hakuna aliyeiingiza kwenye mfumo. Tukaiingiza palepale, tukaendelea na mstari wa tisa.